Kitambaa "rafiki wa mazingira": cheti ni cha nini, cha nani, na mpaka lini?

fundi_wa_vichanga

Wakuu, habari za majukumu.

Nashona nguo za watoto wachanga hapa Dar, huu mwaka wa saba. Naleta uzi huu kwa sababu nimefanya kosa, na naona wenzangu wengi wa cherehani wanaelekea kulifanya.

Mwezi wa tatu nilinunua majora mawili ya kitambaa laini, kimoja cheupe na kingine kijani. Muuzaji aliniambia ni pamba ya kilimo hai yenye cheti cha kimataifa, akanitumia picha ya cheti WhatsApp. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya pamba ninayonunua siku zote. Nililipa kwa moyo mweupe, nikashona, nikaandika kwenye ukurasa wangu: "Pamba hai, salama kwa ngozi ya mtoto." Mzigo ukaisha ndani ya wiki mbili. Wiki ya tatu mteja akanitumia picha ya shingo ya mwanawe wa miezi minne. Vipele vyekundu vimefuata mstari wa kola kama vilivyochorwa kwa kalamu.

Sisemi kitambaa ndicho kilichosababisha. Ni joto la Dar, ni mtoto mdogo, huenda ni sabuni. Daktari alimpa krimu na vikaisha. Lakini yule mama aliniuliza swali moja: "Dada, umeandika salama. Salama imepimwa na nani?" Ndipo nikaifungua ile picha ya cheti kwa mara ya kwanza na kuisoma mstari kwa mstari.

Jina la kiwanda halikuwa la waliotengeneza kitambaa changu. Bidhaa iliyotajwa ilikuwa nyuzi za kushonea za polista, siyo kitambaa cha pamba. Na muda wake ulikuwa umepita tangu mwaka uliotangulia. Cheti chenyewe huenda kilikuwa halali kwa mwenyewe, ila hakikunihusu mimi wala jora langu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma usiku. Hivi ndivyo nilivyoelewa, na waliobobea wanisahihishe.

Kwanza, neno "cheti" tunalitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna vyeti vinavyopima kitambaa kama kina sumu, kuna vinavyofuatilia pamba ilivyolimwa, kuna vinavyoangalia kiwanda na watu wake. Kimoja hakisemei mwenzake.

Ile lebo tunayoiona sana, OEKO-TEX Standard 100, ilianza mwaka 1992, kazi ya taasisi za utafiti wa nguo za Austria na Ujerumani. Inapima kemikali zenye madhara kwenye bidhaa yenyewe, na inapima kila kipande: kitambaa, uzi, kifungo, zipu, hata chapa iliyogongwa. Imegawa bidhaa katika madaraja manne, na daraja la kwanza ndilo kali kuliko yote, la watoto hadi miaka mitatu. Huko hata rangi inapimwa kama inahimili mate, kwa sababu mtoto ananyonya kola. Fomaldehidi, kemikali ya viwandani inayoweza kuwasha ngozi, kwenye nguo ya kichanga isionekane kabisa kwenye kipimo, wakati nguo ya mtu mzima inayogusa ngozi inaruhusiwa hadi miligramu 75 kwa kilo. Kwa hiyo ukiambiwa "ina OEKO-TEX", uliza daraja la ngapi. Kitambaa cha mapazia kinaweza kuwa nacho kihalali kabisa, na bado kisifae kwa nepi.

Ila Standard 100 haikwambii pamba ililimwaje. Polista iliyotokana na mafuta ya petroli inaipata vizuri tu ikiwa haina sumu. Wala haisemi aliyeshona alilipwa shilingi ngapi.

GOTS (Global Organic Textile Standard), kiwango cha kimataifa cha nguo, ndiyo inayohusu nyuzi za kilimo hai. Toleo lake la kwanza ni la mwaka 2005. Inaanzia pale pamba inapochambuliwa mbegu, ikaenda kwenye kusokota, kufuma, kutia rangi, kushona, mpaka lebo. Ina ngazi mbili: moja inataka nyuzi za kilimo hai zisipungue asilimia 95, nyingine asilimia 70. Kiwanda cha rangi lazima kisafishe majitaka yake, na kuna masharti ya kazi: hakuna ajira ya watoto, hakuna kazi ya kulazimishwa, wafanyakazi wana haki ya kujiunga na chama.

Na hapa ndipo nilipokaa kimya peke yangu. Hata kama lile jora lingekuwa na GOTS ya kweli, mimi fundi nisiye na cheti nikishalikata na kulishona, nguo yangu hairuhusiwi kubeba lebo ya GOTS. Kila anayegeuza bidhaa kwenye mnyororo lazima awe amekaguliwa. Mnyororo ulikatika mezani kwangu, kwenye mkasi wangu.

Naomba michango. Hasa wanaojua rangi, na wanaolima.

mama_pacha

Asante sana kwa uzi huu. Mimi sina utaalamu, nina pacha wenye ngozi nyepesi. Swali langu ni la nyumbani. Kitenge kipya au shati jipya la shule lina harufu kali inayochoma macho. Je, ile harufu ni dalili ya sumu? Na mama yangu alitufundisha kuloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike. Inasaidia kweli?

mkemia_wa_rangi

Nimefanya kazi kiwanda cha kutia rangi kwa miaka kumi na moja. Nikujibu dada.

Harufu peke yake haithibitishi kitu. Inaweza kuwa mafuta ya mashine, wanga, dawa ya kuzuia ukungu kwenye kontena. Inaweza pia kuwa fomaldehidi. Hiyo ni ndugu wa fomalini mnayoisikia mochwari. Viwandani inatokana na gundi zinazowekwa ili kitambaa kisikunjamane. Shati linaloandikwa "halihitaji pasi" ndilo la kuangalia kwanza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2004, hasa kwa watu wanaoivuta hewani kazini. Kwa mvaaji, tatizo la kawaida ni ngozi: kuwasha, vipele, kwapani na shingoni panapotoka jasho. Kufua kabla ya kuvaa kunapunguza sana. Hilo lifanye kwa kila nguo mpya, yenye cheti na isiyo nacho.

Kuhusu chumvi, heshima kwa mama, lakini haishikishi rangi. Kiwandani tunatumia chumvi nyingi wakati wa kutia rangi ili kuisukuma rangi iingie kwenye pamba, kisha tunaongeza magadi ndipo rangi ifunge. Kitambaa kikishatoka hapo, chumvi ya ndoo haina kazi. Rangi inayochuja ni ile ambayo haikufunga, na kiwanda kilipaswa kuisuuza. Kusuuza kunakula maji na umeme, ndiyo maana wengine wanakatisha. Kanga inayochuja mpaka kufua kwa nne inakusimulia kiwanda kiliokoa gharama wapi.

Rangi za azo, kundi kubwa la rangi za viwandani, nazo zinatajwa ovyo. Nyingi kati ya rangi zote za nguo duniani ni za azo na nyingi hazina shida. Zilizopigwa marufuku Ulaya ni zile zinazoweza kuvunjika na kutoa kemikali hatari zinazoitwa amini, orodha ya aina 22, kipimo kisizidi miligramu 30 kwa kilo. Hizi huwezi kuzijua kwa jicho wala kwa pua wala kwa kufua. Ni maabara tu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii haina azo" mkononi mwake hana karatasi ya maabara, amekuambia anachotamani.

Kitu kimoja mnaweza kufanya wenyewe: chomoa nyuzi mbili tatu, zichome juu ya sahani ya bati, mbali na watoto. Pamba inawaka kama karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Polista inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Inakuonyesha tu kama ni pamba au siyo. Haikuambii ya kilimo hai au ya kawaida. Hakuna moto wala kemia rahisi inayotofautisha hizo mbili, ndiyo maana dunia nzima inategemea makaratasi.

mwana_simiyu

Hapo kwenye makaratasi nataka kusema, maana yanaanzia kwetu.

Baba yangu amelima pamba ya kilimo hai Meatu. Huku mradi wa kwanza ulianza mwaka 1994 kwa ushirikiano na kampuni ya Uswisi, na ndio uliofanya jina la Tanzania lijulikane kwenye pamba hiyo. Watu wa mjini mnaona lebo tu. Niwaambie lebo inabeba nini.

Hutumii dawa za viwandani wala mbolea ya chumvichumvi. Funza wa vitumba tunapambana naye kwa kupanda alizeti katikati ya pamba ili wadudu waende huko, na kwa maji ya mwarobaini. Unazungusha mazao: pamba, dengu, mtama. Shamba linapitia kipindi cha mpito, miaka miwili kwa soko la Ulaya na mitatu kwa Marekani, unalima kwa masharti yote lakini unauza kwa bei ya kawaida. Hapo ndipo wengi wanachoka. Halafu jirani yako anapulizia dawa, upepo unavuka mpaka, mkaguzi anakuta mabaki, na mwaka wako unaondoka hivyo.

Kuna jambo dogo ambalo wageni hawalitarajii: salfeti. Ukichumia pamba kwenye mifuko ya plastiki, nyuzi zake zinachanganyika na pamba, zinakwenda mpaka kwenye kitambaa, na hazishiki rangi. Jora linatoka na madoa meupe. Kwa hiyo lazima mifuko ya pamba tupu. Ni usumbufu, lakini bei inategemea hapo.

Cheti chenyewe mkulima hamiliki. Mkulima wa ekari tatu hawezi kumlipa mkaguzi wa kimataifa, kwa hiyo tunathibitishwa kwa kikundi, kuna wakaguzi wa ndani wanaopita shamba kwa shamba, na wa nje anakuja kuchagua baadhi. Kwa miaka mingi cheti kilikuwa cha kampuni inayonunua. Ukimuuzia mwingine, pamba ile ile inakuwa ya kawaida. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, namba 2018/848, sasa inataka kikundi chenyewe kiwe na hadhi ya kisheria, na kisizidi wanachama 2,000. Ni nzuri kwa maana mkulima anaweza kukishika cheti. Ni mzigo kwa maana vikundi vikubwa vinalazimika kugawanyika na kila kimoja kibebe gharama za ukaguzi wake.

Tunayo pia alama yetu ya Afrika Mashariki, Kilimohai, iliyotokana na kiwango cha mwaka 2007. Hiyo ni ya mazao ya kilimo. Haivuki mpaka kiwanda cha rangi. Ukiona mtu ameibandika kwenye fulana, muulize rangi ilipita wapi.

muuza_majora

Mnasema vizuri lakini mnatuonea. Nauza vitambaa Kariakoo. Mteja akiingia anauliza bei, analinganisha na duka la pili, anaondoka kwa tofauti ya mia tano kwa mita. Katika watu mia hakuna hata watano wanaouliza cheti. Mzigo unatoka China au India, karatasi ninazopewa na wakala ndizo ninazompa mteja. Nitajuaje ni za kweli? Mimi siyo polisi.

fundi_wa_vichanga

Mkuu, sikulaumu, na huyu aliyeniuzia mimi naamini alirudisha alichopewa. Lakini kuhakiki kunachukua dakika tano. Lebo ya Standard 100 ina namba na jina la taasisi iliyopima. Unaingia tovuti ya OEKO-TEX, unaandika namba, inakuonyesha cheti ni cha nani, cha bidhaa gani, daraja gani, kama bado kiko hai. Cheti kinadumu mwaka mmoja tu. GOTS nao wana orodha ya wazi ya waliothibitishwa, unatafuta kwa jina au namba ya leseni. Andika anwani ya tovuti wewe mwenyewe. Usifuate kiungo wala msimbo uliochapishwa kwenye karatasi uliyopewa.

Nasema hivyo kwa sababu ya kilichotokea India. Oktoba 2020 GOTS wenyewe walitangaza kugundua tani 20,000 za pamba zilizopewa vyeti bandia vya kilimo hai. Vyeti vile vilikuwa na msimbo wa kuskani, na ukiskani ulikupeleka kwenye tovuti iliyoigizwa kufanana na ya serikali ya India. Kampuni kumi na moja zilifungiwa miaka miwili. Kama wao waliodanganywa ni wakaguzi wenye ofisi, sisi wenye simu tusiamini picha.

Na kuna karatasi ya pili ambayo karibu hakuna anayeiomba. Cheti cha kiwanda kinasema tu kwamba kiwanda kinaweza kutengeneza bidhaa za GOTS. Kiwanda hicho hicho kinaruhusiwa kutengeneza na za kawaida pia. Kinachosema kwamba mzigo huu, kilo hizi, zilizouzwa kwa huyu, ndizo zenyewe, ni cheti cha muamala. Ukinunua jora moja dukani hutaipata, nalijua hilo. Lakini wewe mkuu unayeleta kontena unaweza kuidai kabla ya kulipa, na ukiwa nayo mimi nitakuwa mteja wako wa kudumu, kwa tofauti hiyo ya mia tano na zaidi.

kijana_wa_eldoret

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu soko limejaa soksi na vesti za "mianzi". Wanasema ni kitambaa cha asili, hakihitaji dawa, kinaua bakteria. Je, kina cheti?

Na kuhusu pamba: huku serikali iliruhusu mbegu ya Bt, yaani iliyobadilishwa vinasaba, Desemba 2019, na wakulima wakaanza kuipanda 2020. Ina maana pamba hiyo haiwezi kuingia kwenye kilimo hai?

mkemia_wa_rangi

La pili ni rahisi: haiwezi. Mbegu iliyobadilishwa vinasaba hairuhusiwi kwenye kilimo hai, hata ukiilima bila tone la dawa. Sisemi mkulima wa Bt amekosea, anapunguza kupulizia na hilo lina faida yake. Ni masoko mawili tofauti, na anayechagua ajue amefunga mlango upi.

Mianzi ni habari ndefu, nitaifupisha. Mti wenyewe ni mzuri, unakua haraka bila kubembelezwa. Lakini mti haugeuki soksi laini peke yake. Unayeyushwa kwa soda kali na kaboni disulfidi, kisha unavutwa upya kuwa uzi. Kinachotoka kinaitwa viskosi, sawasawa na kile kinachotoka kwenye mti mwingine wowote. Kaboni disulfidi inaharibu neva na moyo wa mfanyakazi anayeivuta kila siku. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, imewachukulia hatua wauzaji tangu 2009 kwa kuita viskosi "mianzi", na mwaka 2022 Walmart walikubali kulipa dola milioni 3 na Kohl's milioni 2.5. Kwa hiyo lebo ya kweli ingesema "viskosi iliyotokana na mianzi". Viskosi ikiwa na Standard 100 inaweza kuwa salama kabisa mguuni kwako. Usalama wa aliyeitengeneza uko kwenye cheti kingine. Kama unataka kitambaa cha mti kilicho na njia safi zaidi, tafuta layoseli. Kiyeyusho chake siyo kile, na karibu chote kinarudishwa kutumika tena.

mama_pacha

Hapo kwenye mfanyakazi mmenigusa. Lile jengo la Rana Plaza Bangladesh lililoanguka Aprili 2013, watu zaidi ya 1,100 wakafa, nguo zilizokuwa zikishonwa mle zilikuwa za wateja wakubwa wa Ulaya na Marekani. Kumbe nguo inaweza kupita kila kipimo cha maabara na bado imeshonwa chini ya dari lenye nyufa.

fundi_wa_vichanga

Ndiyo dada. Ndiyo maana OEKO-TEX wenyewe walianzisha lebo nyingine, Made in Green, ambayo pamoja na kemikali inaangalia kiwanda na mazingira ya kazi, na inakuonyesha bidhaa ilipita nchi zipi. Nikiwa na uwezo wa kuagiza, hiyo na GOTS ndizo ningezitafuta kwa nguo za watoto.

Kuna waliouliza faragha kuhusu Better Cotton na Cotton made in Africa, mipango mingine miwili ya kuthibitisha pamba. Zote zinafanya kazi kwa wakulima wadogo, na ya pili iko sana kwenye pamba yetu ya Kanda ya Ziwa. Lakini siyo kilimo hai, dawa baadhi zinaruhusiwa. Na kwa miaka mingi Better Cotton ilikwenda kwa hesabu ya ujazo: kiwanda kinanunua tani kadhaa, kinauza bidhaa za kiasi hicho, lakini pamba iliyomo kwenye fulana yako si lazima iwe ile. Ufuatiliaji wa pamba yenyewe waliuanza 2023. Mnunue mkijua hivyo.

Sasa mrejesho wa kwangu. Niliwapigia wateja wote ambao namba zao ninazo, thelathini na wawili, nikawaeleza ukweli. Wanne walirudisha nguo nikawarejeshea hela. Wengine walisema asante kwa kusema. Yule mama wa kwanza ameagiza tena, safari hii amekuja na kitambaa chake.

Kipande kilichobaki nimekipeleka kupimwa. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wana maabara ya nguo na ngozi. Nimeomba fomaldehidi na uchujaji wa rangi kwanza, kwa sababu kupima kila kitu kwa jora moja ni hela ambayo sina. Tumeanza kuchangishana mafundi sita ili tununue kwa pamoja kutoka chanzo kimoja na kupima mara moja kwa mzigo, na anayetaka kujiunga aje faragha.

Na lebo zangu nimezichapa upya. Zile za "pamba hai, salama" nimezichoma. Mpya zinasema: *Kitambaa: pamba. Uzi wa kushonea: polista. Vifungo: plastiki. Kimeshonwa Dar es Salaam. Fua kabla ya kumvalisha mtoto.*